Sikutaja Jina

Mwaka jana, mwezi wa nane, niliandika ujumbe wa kujiuzulu uongozi wa kikundi chetu cha vijana. Ulikuwa mfupi: nimechoka, kazi zimekuwa nyingi, Mungu awape mwingine. Niliuandika usiku wa manane, nikausoma mara mbili, nikauacha kwenye simu bila kuutuma. Karibu kila neno lilikuwa la uongo. Sikuwa nimechoka, na kazi zilikuwa zile zile za siku zote. Nilikuwa na aibu.

Kisa chenyewe ni hiki. Tuko watu kumi na mmoja, tunakutana kila Jumatano jioni hapa Ukunda, kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule. Wengi wanafanya kazi kwenye mahoteli ya Diani, mmoja ana bodaboda, mmoja anauza mitumba, wawili wako chuo. Tunasoma sura moja ya Biblia, tunaongea, tunaomba, kisha chai, na mahamri kama kuna aliyekumbuka kupitia kwa muuzaji. Jumatano moja, kijana mmoja alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Akaniambia karo yote aliyotumiwa na mamake ameimaliza kwa kubeti. Hakulia. Alikuwa akiangalia kikombe. Akaniomba kitu kimoja tu: nisimwambie mtu.

Nilikaa na siri ile siku tatu. Jumamosi nikaingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha maombi, si kile chetu kidogo, ni kile kikubwa cha vijana wote wa kanisa, nikaandika: tumwombee ndugu yetu mmoja wa kikundi cha Jumatano, anapambana na kamari na amepoteza karo. Sikutaja jina. Vile vikaragosi vya mikono ya kuomba vikamiminika, mimi nikajisikia nimefanya jambo la maana.

Sasa hesabu nami. Kikundi kina watu kumi na mmoja. Wanaolipa karo ni wawili, na mmoja wao ni msichana. Kufikia magharibi mamake kijana alikuwa ameshapigiwa simu na mtu aliyetaka kumpa pole. Jumatano iliyofuata tulikuwa kumi.

*

Kama hujawahi kukaa kwenye vikundi hivi, pengine utauliza: kwani lazima watu wakae kumi kumi na kuambiana mambo yao? Si waende kanisani Jumapili, waimbe, warudi nyumbani?

Swali hilo limeulizwa Afrika Mashariki kwa muda mrefu, na limejibiwa kwa njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni ya Uamsho, ule mwamko ulioanzia kwa Waanglikana wa Rwanda na Uganda, ukashika moto miaka ya 1930, ukavuka hadi Kenya na Tanganyika. Kule Uganda watu wake waliitwa Balokole, waliookoka. Nguvu yao haikuwa mimbari. Ilikuwa kukaa pamoja katika ushirika mdogo, askofu na mfagizi kwenye benchi moja, kila mtu akisimama kutaja dhambi zake mbele ya wenzake. Waliita hivyo kutembea nuruni. Ya pili ni ya Wakatoliki: maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki, chini ya AMECEA, walikubaliana mwaka 1973, wakarudia kwa mkazo mwaka 1976, kwamba kanisa lijengwe kuanzia chini, kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, majirani wachache wanaojuana kwa majina na kwa shida zao. Ndiyo maana leo ukiwa Mkatoliki utaulizwa wewe ni wa jumuiya gani, kama unavyoulizwa unakaa mtaa gani.

Sababu ya njia zote mbili ni moja, na Waswahili waliisema kabla ya hapo: mficha uchi hazai. Kuna mambo hayaponi mpaka yasemwe, na huwezi kuyasema mbele ya watu mia tano. Unahitaji watu wachache, chai, na mlango uliofungwa.

Lakini udogo huo unaoponya ndio huo huo unaoumiza. Kwenye kanisa la watu mia tano, mtu asiyetajwa jina hajulikani. Kwenye kikundi cha watu kumi na mmoja, asiyetajwa jina anajulikana kabla hujamaliza sentensi. Padri anayesikiliza maungamo amefungwa na sheria ya kanisa lake, hawezi kufungua mdomo kwa lolote alilosikia. Daktari naye ana miiko ya kazi yake. Hata serikali, katika Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, imeweka afya ya mtu, imani yake na mambo ya familia yake katika fungu la data nyeti. Kiongozi wa kikundi cha vijana amefungwa na nini? Mimi nilipewa kazi hii Jumapili moja baada ya ibada, nikaambiwa, “Wewe unapenda watu, utaweza.” Basi. Hayo ndiyo mafunzo yangu yote.

*

Mwezi wa tisa kikundi kilikuwa na safari ya Wasini. Tulikuwa tumeshachanga pesa, kwa hivyo nilienda, nikijiambia tukirudi tu nautuma ule ujumbe. Alikuja pia mama mlezi wa vijana, nesi mstaafu, ambaye sote tunamwita Mama tu.

Kutoka Ukunda unashuka kusini, unapita Msambweni, unapita Ramisi, kisha unaiacha barabara kuu ya Lunga Lunga na kukata kushoto kuelekea Shimoni. Pale Shimoni yako yale mapango yaliyoupa mji jina, ambamo wenyeji wanasimulia kuwa watumwa walifungiwa wakingoja majahazi. Kisha unapanda boti, unavuka mlango wa bahari, safari fupi tu, na ng'ambo ndiyo Wasini: kisiwa cha mawe na mibuyu, kisicho na gari hata moja, wenyeji wake Waislamu. Msichana mmoja wetu, mgeni wa huku pwani, aliuliza kwa nini kila nyumba ina pipa au tangi chini ya paa. Nahodha akamweleza kuwa kisiwa hakina mto wala chemchemi ya maji matamu. Kwa vizazi watu waliishi kwa kukinga mvua, na mvua ilipokataa, maji yalivushwa kutoka bara kwa mtungi na kwa boti.

Tukaenda kwenye bustani ya matumbawe. Ni uwanja wa matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, yamesimama kama watu waliovaa majoho ya kijivu, na bamvua likija bahari hurudi kuyatembelea. Kina mama wa kisiwa wamejenga njia ya mbao juu yake, wanaitunza na kutoza wageni kiingilio. Tulikuwa tunatembea kwa mstari, tunapiga picha, tunacheka kwa sauti, ndipo yule msichana mgeni aliinama kuokota kitu na suruali yake ikapasuka nyuma, sehemu mbaya kabisa. Yeye mwenyewe hakujua.

Mama mmoja wa pale, aliyekuwa ameketi kwenye ukingo wa njia, aliona. Aliinuka bila haraka, akaivua leso moja kati ya mbili alizojitanda, akamfikia msichana kwa nyuma kama mtu anayetaka kumsalimu, akamfunga kiunoni. Akamnong'oneza neno. Msichana akashika leso, akatoa macho, akaitikia kwa kichwa. Yule mama akarudi kuketi. Wenzetu waliokuwa mbele hawakujua lolote mpaka leo. Mimi niliona kwa sababu nilikuwa wa mwisho kwenye mstari, pamoja na Mama.

Mama akasema taratibu, “Umeona hiyo?”

Nikasema nimeona.

“Hiyo ndiyo kazi uliyopewa.”

Nikajua ameshausoma ule ujumbe wangu wa Jumamosi. Bila shaka alikuwa ameusoma. Yumo kwenye kile kikundi kikubwa.

*

Tulikaa kwenye benchi la mbao, wengine wakatangulia. Nikamwambia yote, pamoja na kwamba nimeshaandika ujumbe wa kujiuzulu. Nilitegemea mojawapo ya mambo mawili: anigombeze, au aniambie haina neno, kila mtu hukosea. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliniuliza maswali, kama nesi anayechukua historia ya mgonjwa.

“Umemwomba msamaha?”

“Ndiyo, Mama. Nilimtumia ujumbe.”

“Ulisema nini?”

“Nilimwambia samahani kama nilikuumiza.”

“Kama?”

Nikanyamaza.

“Mwanangu, hapo kuna kama gani?”

Nilijitetea. Nilimwambia sikutaja jina, na nia yangu ilikuwa maombi. Tena tunafundishwa kutembea nuruni, tusifichane mambo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria tangu siku hiyo. Akasema wazee wa Uamsho aliowakuta utotoni mwake walikuwa wakali sana juu ya nuru, lakini nuru yenyewe ilikuwa na mpaka: mtu alisimama akataja dhambi *zake*. Hakusimama kutaja za jirani. “Nuru ni yako kwa mambo yako. Kwa mambo ya mwenzako, ni stara. Wewe umegeuza. Umemwanika yeye, na sasa unajifunika wewe.”

Nikamuuliza najifunika vipi.

“Si unaondoka kwa sababu umechoka?”

Kwenye simu yangu ujumbe ulikuwa bado uko pale. Nimechoka, kazi zimekuwa nyingi.

*

Nimelitafakari sana neno hilo, stara. Huku pwani mtu akiagana na mwenzake humwombea: Mungu akusitiri. Hamaanishi Mungu akufiche. Kuficha na kusitiri si kitu kimoja, ingawa vyote viwili vinahusu kutoonekana. Anayeficha anaangalia kitu: hataki kijulikane. Anayesitiri anaangalia mtu: hataki avunjike. Yule mama wa Wasini hakuificha suruali iliyochanika. Alimwambia mwenyewe, waziwazi ingawa kwa kunong'ona, ili aishone. Aliyemsitiri ni msichana.

Tofauti hii si mchezo wa maneno, kwa sababu hapa ndipo pana hatari kubwa, na ningekuwa mwongo nikiipita. Kwa jina la stara watu wa dini zote wamefunika maovu. Binti anadhulumiwa na mtu mzima, wazazi wanaitwa, wanaambiwa tusitiri, tusiaibishe nyumba ya Mungu. Na sisi wa pwani tuna kidonda chetu: mwaka 2023, kule Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili ya watu zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, wakiwamo watoto wengi, waliokuwa wamemfuata mhubiri mmoja. Kesi ni za mahakama, si zangu. Lakini hakuna kiongozi wa kikundi cha imani, hata cha watu kumi, anayeweza kuongoza baada ya Shakahola kama kwamba halikutokea. Milango iliyofungwa inaweza kuponya, na inaweza kuua.

Kwa hivyo nilimuuliza Mama: tutajuaje? Kama stara ni wajibu, si ndiyo itakayotumiwa na kila mdhalimu?

Akaniuliza, “Leso ile ilimfunika nani?”

Nadhani hapo ndipo pa kupimia. Ukitaka kujua kama unasitiri au unaficha, angalia nani yuko chini ya leso. Kama aliye chini yake ni yule aliyeumia, au aliyeanguka na anataka kuinuka, hiyo ni stara. Kama ni yule anayeumiza, na anaendelea kuumiza, umeficha uovu, hata ukiuita kwa jina zuri. Kijana wangu wa karo alikuwa amejiumiza mwenyewe na amemuumiza mamake, kweli. Lakini alikuwa amekuja kusema, na wa kumwambia mamake alikuwa ni yeye. Ningeweza kumsindikiza. Ningeweza kuketi naye akipiga simu. Badala yake nilimnyang'anya neno alilopaswa kulisema yeye, nikawapa watu mia mbili. Lakini angekuja mtoto wa miaka kumi na tano kuniambia anadhulumiwa nyumbani, huyo ahadi ya kutomwambia mtu singempa, wala nisingekuwa na haki ya kuitoa. Hapo ni Sheria ya Watoto ya 2022, ni polisi, ni nambari 116 ambayo ni bure kuipiga.

Na nilipoupima ujumbe wangu wa Jumamosi kwa kipimo hicho, niliona kitu kibaya zaidi. Sikuwa najali sana maombi. Nilitaka ionekane kwamba vijana wananiamini na mambo mazito. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ile ilikuwa imetoka kwenda kujisifu sokoni kwamba inajua.

*

Lililobaki lilikuwa swali langu la kwanza: mtu aliyefanya hivi ana haki gani ya kuendelea kuongoza?

Nilidhani jibu la unyenyekevu ni kuondoka, na mara nyingine ndilo. Kuna makosa ambayo yakitendwa mtu hapaswi kupewa tena watu wa kuwaangalia, hata akilia machozi ya damu. Anayewinda walio chini yake hahitaji kutiwa moyo, anahitaji kuzuiwa. Mama aliliweka hilo wazi kabla hajaniambia lingine lolote. Lakini kosa langu lilikuwa la mdomo na la majivuno, na akaniuliza: nikiondoka, kikundi kitajifunza nini? Kitajifunza kwamba kiongozi akikosea hupotea kimya. Na yule kijana atajifunza kwamba amepoteza jina lake, mimi sikupoteza hata usingizi wa kueleza.

Akanikumbusha Petro. Sote tunaijua hadithi ya kumkana Bwana mara tatu, na kwamba baadaye alipewa kondoo wa kulisha. Tunachoruka, akasema, ni kwamba kabla ya kupewa kila mara aliulizwa swali, na swali lilirudiwa mpaka likamhuzunisha. Hakuna mahali alipoambiwa haina neno. Aliguswa pale pale palipouma, hesabu ikiwa ile ile, tatu kwa tatu, ndipo akapewa kazi.

Nadhani tumelichosha neno kutia moyo. Tunafikiri ni kumwambia mtu uko sawa, wewe ni mkali, songa mbele. Huko ni kumsifu, na sifa hukaa juu ya mtu kama kofia. Upepo ukija inaondoka nayo. Kiswahili kinasema *kutia*, yaani kitu kinaingia ndani, na ili kiingie lazima pawe na mahali pa kupitia. Siku ile pale kwenye benchi palikuwapo: lile neno *kama*. Mama alipitia hapo. Iliuma. Lakini niliporudi botini nilikuwa na nguvu ambayo wale wote walionitumia mikono ya kuomba hawakuwa wamenipa. Msichana alikuwa amerudisha leso. Nilimwona akimshika yule mama mkono kwa mikono yake miwili, na hawakusema chochote kirefu.

*

Jumatano iliyofuata niliwaambia wenzangu nilichofanya. Sikurudia siri ya mtu. Nilitaja yangu: kwamba niliaminiwa, nikatoa nilichoaminiwa nacho, na kwamba nilifanya hivyo nionekane. Ukumbi ulikuwa kimya, jiko la jirani tu ndilo lililosikika. Kisha yule wa bodaboda akasema, “Mimi pia nilimpigia mtu simu siku hiyo.” Mwingine akasema naye alipeleka picha ya ule ujumbe mahali pengine. Tulikaa mpaka saa nne.

Tukakubaliana mambo machache, tukayaandika nyuma ya daftari. Anayeomba kuombewa anajiandikia mwenyewe, hakuna wa kumwandikia. Cha mtu hakitoki ukumbini bila yeye kusema ndiyo, na kunyamaza si ndiyo. Kiongozi hakutani na mtoto peke yao mlango ukiwa umefungwa. Na jambo la mtu kuumizwa, au kutaka kujidhuru, halimo kwenye ahadi ya siri, kila mtu alijue hilo mapema, kabla hajafungua mdomo.

Yule kijana nilimfuata mwenyewe, nikamkuta steji akingoja matatu. Nilimwambia nilichomfanyia, bila *kama*. Akaangalia barabara kitambo. Akasema, “Nimekusikia.” Matatu ikaja, akapanda. Hajarudi kwenye kikundi, na sijui kama atarudi. Sidhani ni haki yangu kumwomba arudi ili mimi nipumue. Nasikia kutoka kwake mwenyewe, tukikutana, kwamba amepata kibarua na anamlipa mamake kidogo kidogo.

Jumatano iliyopita msichana mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akaanza, “Nikuambie kitu, lakini usimwambie...” Nikamsimamisha. Nikamweleza kwanza ninachoweza kukitunza na nisichoweza, na kwamba niliwahi kushindwa. Alifikiria. Nilidhani ataaga. Akachukua birika, akaongeza chai kwenye vikombe vyote viwili, akaanza upya.